Video inaruka usiku, sauti inatangulia mdomo: usikubali kupiga Windows tena

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Fizikia hapa Tanga. Saa moja usiku huwa nafundisha tuisheni ya kidato cha nne kwa njia ya video. Laptopu yangu ina miaka kama sita, na kamera ya kompyuta niliinunua Kariakoo, imeandikwa 1080p. Mchana nikiijaribu picha inatiririka vizuri. Usiku nikianza kipindi, mkono unaoandika ubaoni unaruka-ruka, mara picha inaganda, na sauti inakwaruza na kutangulia mdomo. Si intaneti, maana hata nikizima Wi-Fi nikajirekodi mwenyewe hali ni ileile. Laptopu ina poti mbili tu za USB. Moja nimechomeka hab ya kuongeza matundu ya USB, na kwenye hab ndipo ilipo kamera, maiki, mausi na flashi. Nina pia kamera ndogo ya dijitali ya Full HD. Hiyo inarekodi dakika chache kisha inasimama yenyewe, na nikiifungua video yake kwenye laptopu inakatakata. Fundi alisema draiva, yaani programu zinazounganisha kompyuta na vifaa vyake, zimezeeka. Akapiga Windows, yaani akaifuta na kuiweka upya, kwa shilingi 30,000, akaweka programu ya kusasisha draiva na nyingine ya kusafisha RAM. Haikusaidia. Sasa anataka apige tena na niongeze RAM, au ninunue kamera mpya. Nikubali?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, usikubali. Na zile programu mbili zitoe leo hii kabla ya kipindi. Sababu nitaieleza mbele, kwa sababu ndilo jambo linaloniumiza zaidi katika kazi hii.

Kwenye barua yako kuna sentensi moja ambayo fundi wako angeisikiliza, asingekugharimu kitu: mchana picha inatiririka, usiku inaruka. Draiva ni ileile saa tisa alasiri na saa moja usiku. RAM ni ileile. Kilichobadilika chumbani ni mwanga tu, na kamera hizi ndogo mwanga ndio chakula chao.

Kamera yako inakusudia kutoa fremu 30, yaani picha moja moja 30, kila sekunde. Maana yake kila fremu ina sehemu moja ya 30 ya sekunde ya kukusanya mwanga, haiwezi kupewa zaidi. Chumba kikiwa na mwanga hafifu, kamera inaona picha inakuwa nyeusi, basi inaamua yenyewe kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi: sehemu moja ya 15 ya sekunde, hata moja ya nane. Picha inang'aa, lakini kwa mwendo huo fremu 30 haziwezekani tena. Zinabaki 15, au nane. Ndiyo maana uso uliotulia unaonekana sawa, ila mkono unaoandika unaruka na kuacha ukungu nyuma yake.

Usiniamini kwa maneno, wewe ni mwalimu wa Fizikia. Leo usiku zima Wi-Fi, fungua programu ya kamera iliyomo ndani ya Windows, kisha chukua simu yako, washa saa ya kupimia mbio, ile inayoonyesha mpaka sehemu za mia za sekunde. Punguza mwanga wa kioo cha simu, ishike mbele ya kamera kwa urefu wa mkono, ujirekodi sekunde kumi. Ifungue video hiyo kwenye VLC, programu ya bure ya kuchezea video, isimamishe, halafu uwe unabonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, inasogea fremu moja. Hesabu ni mara ngapi tarakimu za saa zinabadilika kuanzia sekunde ya tano mpaka ya sita. Ukipata karibu na 30, kamera inafanya kazi yake. Ukipata 15 au nane, umeona kwa macho yako ninachosema.

Sasa rudia, safari hii ukiwa na taa ya mezani nyuma ya laptopu, ikielekea usoni kwako. Isiwe nyuma yako, isiwe juu ya kichwa. Kama taa ni kali machoni, ielekeze kwenye ukuta mweupe ulio mbele yako ili mwanga urudi kwako. Na ubao nao upate taa yake. Hesabu tena. Nimefanya jaribio hili na watu wengi, na mara nyingi namba inapanda hapohapo.

Ukitumia programu ya OBS kurekodi au kurusha kipindi, unaweza pia kuikatalia kamera isijiamulie. Kwenye mipangilio ya kamera kuna ukurasa wa udhibiti wenye kitelezi cha muda wa kukusanya mwanga, na kisanduku cha kufidia mwanga hafifu. Toa alama kwenye kisanduku hicho, toa alama ya otomatiki, kisha weka kitelezi kwenye -5. Namba hiyo si ya kubahatisha: ni kipeo cha 2, kwa hiyo -5 ni sehemu moja ya 32 ya sekunde, ambayo inaingia ndani ya fremu 30. Ukiweka -4 ni sehemu moja ya 16, na hapo umerudi kwenye kuruka-ruka. Picha ikiwa nyeusi kwenye -5, ongeza taa, usiongeze muda. Katika ukurasa wa jirani utaona pia mzunguko wa umeme: weka 50, siyo 60, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera iliyoachwa kwenye 60 huonyesha mistari ya giza inayopanda au kushuka kwenye picha, na watu huja kwangu wakiamini kioo kimeungua.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Kuganda na kukwaruza kwa sauti, hapo naitazama hab yako.

Tufanye hesabu. Picha moja ya 720p ina nukta 1,280 kwa 720, yaani 921,600. Ikisafirishwa bila kubanwa, kwa mtindo ambao kamera nyingi huuita YUY2, kila nukta inachukua baiti mbili. Fremu moja ni kama megabaiti 1.8, na fremu 30 ni megabaiti 55 kila sekunde. Kamera ya USB 2.0 inayotumia njia ya kawaida ya video hairuhusiwi kuchukua zaidi ya megabaiti 24 hivi kwa sekunde. Mzigo wa 55 hauingii kwenye njia ya 24, kwa hiyo kamera inashusha fremu mpaka 10. Ndiyo sababu kwenye mitindo ya kamera nyingi utakuta 720p ya YUY2 imeandikiwa fremu 10 tu, na chini yake kuna MJPEG yenye fremu 30, kwa kuwa MJPEG inabana kila fremu kabla ya kuituma. Kwenye OBS chagua MJPEG kwa mkono. Usiiachie programu ichague yenyewe.

Halafu kuna vitu vinne vinagombania poti moja. Video na sauti kwenye USB husafiri kwa ratiba ya muda, na kipande kilichopotea njiani hakitumwi tena. Ukinakili faili kwenye flashi, kipande kikipotea kinarudiwa, hujui hata kama kilipotea. Kwenye maiki kipande kilichopotea ndicho ile "krr" wanayoisikia wanafunzi wako. Juu ya hapo hab nyingi za bei ndogo hazina adapta yake ya umeme. Zinategemea umeme mdogo wa laptopu, na kamera na flashi vikianza kufanya kazi pamoja kila kimoja kinapata pungufu. Kwa hiyo kamera peke yake kwenye poti moja ya laptopu, bila ekstensheni. Maiki kwenye hab, pamoja na mausi tu. Flashi ichomoe kipindi kikianza. Hakuna cha kununua hapo.

Kuhusu sauti kutangulia mdomo: sauti ni mzigo mdogo, inapita haraka. Picha inasubiri ikusanywe, ibanwe, ifunguliwe. Kamera ikiwa kwenye fremu nane, kila fremu inachukua milisekunde 125 kukamilika kabla hata haijaondoka kwenye kamera. Vipimo vya kimataifa vya utangazaji, vya ITU, vinaonyesha kuwa mtu huanza kuhisi kasoro sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 tu, lakini ikichelewa anavumilia mpaka karibu 125. Maumbile yenyewe yametuzoesha sauti kuja nyuma ya picha. Ukirekebisha taa, sehemu kubwa ya tatizo hili itapungua yenyewe. Ikibaki kidogo, piga kofi moja mbele ya kamera huku unarekodi, kisha kwenye programu ya kuhariri video inayoonyesha mawimbi ya sauti hesabu fremu kati ya mlio na viganja kukutana. Kila fremu ni milisekunde 33. Zikiwa tatu, icheleweshe maiki kwa milisekunde 100 kwenye mipangilio ya juu ya sauti ya OBS, basi. Lakini kama pengo linakua kadiri kipindi kinavyoendelea, dakika ya kwanza sawa na dakika ya arobaini mbali kabisa, hilo ni jingine: hakikisha maiki, spika na OBS vyote vimewekwa sampuli za sauti 48,000 kwa sekunde, kisiwepo kilichobaki kwenye 44,100.

Kamera ya dijitali nimeiacha mwisho kwa sababu ni ugonjwa tofauti, ingawa fundi wako ameutia kwenye kapu moja. Zipo kamera zinazosimama zenyewe karibu na dakika 30 kwa sababu kiwanda kiliamua hivyo. Yako inasimama dakika chache, kwa hiyo siyo hiyo. Kwanza nashuku kadi ya memori. Kamera nyingi za Full HD huandika kati ya megabiti 17 na 28 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti tatu na nusu hata ikizidi sana. Kadi halisi yenye alama ya 10 ndani ya duara inaahidi angalau megabaiti 10. Nafasi ni tele. Kadi ikishindwa na mzigo huo, ama imechoka, ama alama iliyoandikwa juu yake si ya kweli. Kadi bandia zimejaa sokoni: ndani ina gigabaiti nane, lakini imefundishwa kuiambia kamera kuwa ina 64. Inapokea, inapokea, halafu inaanza kuandika juu ya kilichoandikwa mwanzo.

Nakili kwanza vyote vilivyomo, kadi ibaki tupu, kisha ipime kwa H2testw, programu ndogo ya bure. Inaijaza kadi yote data kisha inaisoma tena kulinganisha. Kadi ya gigabaiti 32 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itachukua karibu saa nzima kujaa, kwa hiyo iwashe ukaendelee na kusahihisha madaftari. Mwisho itakwambia kasi ya kuandika, na kama kuna kilichopotea.

Na video kukatakata ukiifungua: je, unaifungua ikiwa bado kwenye kadi, kupitia ileile hab? Inakili kwenye diski ya laptopu, ifungue kwa VLC. Ikiwa bado, ihamishie kwenye simu. Kama kwenye simu inatiririka, faili ni zima na laptopu ndiyo inayoshindwa kulifungua. Kwa video zilizobanwa kwa mtindo wa H.265 jambo hili ni la kawaida: prosesa za Intel zilianza kuzifungua kwa sakiti maalumu kwenye kizazi cha sita, cha mwaka 2015, na zile za biti 10, zenye ngazi nyingi zaidi za rangi, kwenye kizazi cha saba. Laptopu isiyo na sakiti hiyo inabeba mzigo wote kichwani, feni inalia, picha inakatika. Hata upige Windows mara mia, sakiti haiongezeki.

Sasa nije kwenye draiva.

Kamera karibu zote za kompyuta za siku hizi zinafuata kiwango kimoja kiitwacho UVC, kilichotoka mwaka 2003. Kwa ajili ya kiwango hicho Windows ina draiva yake ndani. Ndiyo maana ulipochomeka kamera iliwaka bila diski yoyote. Hakuna "draiva mpya zaidi" ya kamera yako iliyofichwa mahali inasubiri programu ya bure ikaitafute. Programu hizo zinakagua laptopu, zinaonyesha orodha nyekundu ya makosa 30 au 40 ili uogope, kisha zinaweka chochote kinachofanana jina. Nimeshaona laptopu ambayo sauti ilikuwa nzima, ikawekewa draiva ya kadi ya sauti ya laptopu nyingine, ndipo ikaanza kukwaruza kweli. Kama kuna draiva ya kutafuta, ni ya chipu ya picha au ya sauti, na inachukuliwa kwa aliyetengeneza laptopu au kupitia masasisho ya Windows yenyewe. Kwingine popote usiende.

Ile ya kusafisha RAM nayo ni madhara matupu. Inachofanya ni kuzisukuma programu zako kutoka kwenye RAM kwenda kwenye diski, namba ionekane imepungua. Sekunde inayofuata OBS inahitaji kilichosukumwa, inakwenda kukivuta tena kwenye diski, na hapo ndipo picha inaganda. Hiyo programu ya pili imeongeza kuganda kwako, haikupunguza.

Kuongeza RAM kuna wakati wake. Fungua Task Manager kipindi kikiwa kinaendelea. Kama RAM imejaa zaidi ya asilimia 90, nitakuunga mkono uongeze. Lakini iangalie kwanza, fundi akuonyeshe namba hiyo kabla hujatoa hela.

Kupiga Windows ndiyo dawa ya mtu ambaye hakutaka kupima. Mteja analeta laptopu, fundi anaweka flashi, dakika 40 imekwisha, laptopu inaonekana nyepesi siku tatu za mwanzo, mteja anaridhika. Ugonjwa uko palepale. Aliniletea laptopu mpiga picha za harusi, kijana mwenye bidii, kamera yake ilikuwa inaganda katikati ya kurusha matangazo mubashara. Alikuwa ameshapigiwa Windows mara mbili na mafundi wawili. Nilimwomba aje na kila kitu anachotumia siku ya kazi. Akatoa mkobani ekstensheni ya USB mbili zilizounganishwa, kwa pamoja kama mita nane. Waya wa USB 2.0 mwisho wake ni mita tano. Tukachomeka kamera moja kwa moja, tukarekodi saa nzima bila kuganda hata mara moja. Lakini ile mara ya pili fundi alifuta diski D bila kuuliza, na humo zilikuwemo harusi mbili ambazo wenyewe hawakuwa wamekabidhiwa. Programu za kurudisha faili zilinipa vipande vya dakika mbilimbili, vingine havina sauti. Kijana alikaa kwenye kiti changu akivitazama kimoja kimoja, hakusema neno.

Na Windows inayopigwa vichochoroni mara nyingi si halali. Inakuja na kraki, programu ya kuiwezesha bila leseni, na ili kraki ifanye kazi fundi anazima antivairasi, akimaliza haiwashi. Kuanzia mwaka 2018 kuna familia ya virusi inayoitwa STOP, au Djvu, ambayo njia yake kubwa ya kuenea ni hizohizo kraki. Inafunga picha, video na nyaraka zako zote, inaacha barua ya kudai fidia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Faili zilizofungwa kwa matoleo yake mapya, kwa kawaida hazifunguki bila ufunguo walio nao wahalifu wenyewe. Mwalimu mwenye alama za wanafunzi, mitihani na masomo yaliyorekodiwa miaka mitatu, anapoteza vyote kwa sababu chumba kilikuwa na balbu moja nyuma yake.

Kwa hiyo angalia kama antivairasi ya Windows imewashwa kwenye laptopu yako. Kama imezimwa, iwashe, iache ikague diski yote usiku. Na nakala ya kazi zako iwepo kwenye diski ya nje, ambayo haikai imechomekwa. Ikitokea siku moja virusi vimeharibu mfumo kweli na Windows ikabidi ipigwe, wewe ndiye utakayeamua kinachofutwa, nakala ikiwa mkononi mwako.

Kamera mpya usinunue bado. Hiyo 1080p iliyoandikwa kwenye boksi inaweza kuwa 720p iliyovutwa, au hata 480, lakini kwa kipindi cha ubaoni 720p yenye taa nzuri inatosha kabisa kusoma mwandiko. Niandikie namba tatu: fremu ulizohesabu usiku bila taa, fremu ulizohesabu ukiwa na taa na kamera ikiwa peke yake kwenye poti, na kasi ya kuandika iliyotolewa na H2testw. Kama namba ya pili itakuwa bado chini ya 20, hapo nitakwambia kamera ya kununua. Kadi ya memori, ikionekana ina kasoro, mpelekee muuzaji na picha ya matokeo, na kamera isirekodi somo lingine juu yake.